KABLA YA GHOROFA, HESABUNI KWANZA WAPANGAJI

Haya ni mazungumzo aliyoyatoa mwandishi wetu wa kujitegemea mbele ya vijana wa Iringo, mjini Musoma, walipokutana kijiweni jioni kujadili habari za ghorofa linalosemwa kuja mtaani kwao. Tunayachapa kama alivyoyasoma.



Nashukuru kwa kunipisha kwenye benchi. Najua hapa kijiweni hakuna mtu anayeachiwa aongee peke yake bila kukatizwa, kwa hiyo leo mmenipa heshima ambayo hata waheshimiwa wetu hawaipati. Nitajitahidi nisiipoteze.

Mimi si mwanasheria. Si mhandisi wala mpima ardhi. Nilimaliza kidato cha nne, nikashika kalamu, na kinachoniweka mjini ni kuuza habari kwa gazeti litakaloikubali. Na mimi ni mpangaji. Nina chumba kimoja, choo cha uani tunakigombea watu kumi na mmoja. Nayasema haya mapema ili mjue nimesimama upande gani. Msemaji asiyekuambia anakolala, mura, mwangalie mara mbili.

FUTI KAMBA NA MANENO

Mnajua habari hii ilivyoanza. Watu wawili walionekana mtaani na futi kamba. Mmoja anavuta, mwingine anaandika. Hawakusalimia mtu wala kugonga kwa mjumbe. Waliondoka kama walivyokuja.

Saa nne asubuhi waliopita walikuwa wapima barabara. Saa saba mchana wakawa watu wa maji. Jioni, hapa hapa kijiweni, tayari lilikuwa ghorofa la nyumba za kupanga, familia kila mlango. Siku ya pili lilikuwa limefika ghorofa sita, na siku ya tatu nikasikia lina lifti. Ghorofa limepanda bila tofali hata moja! Mpaka leo mchoro hatujauona. Mwenye mradi hatujaambiwa ni nani. Lakini mabishano tunayo ya kutosha, na marafiki wawili ninaowafahamu hawasalimiani kwa ajili ya jengo ambalo halijawahi kuonekana hata kwenye karatasi.

Nimezunguka nikasikiliza pande zote. Niwaeleze nilichosikia, na kwa haki.

Mwenye nyumba anasema: nyumba yangu ya vyumba sita ina miaka mingi, bati limeoza, kodi hainitoshi hata kupaka chokaa. Akija mtu na fedha nzuri, nauza, najenga Bweri au Buhare kwenye nafasi, nabaki na akiba. Huyo hana kosa. Ni mali yake, ameitolea jasho.

Mzee aliyezaliwa hapa anasema: nyumba si bei tu. Uani pale kuna wajukuu, kuna jiko la kuni, kuna mahali pa kuweka turubai la msiba. Ghorofa ya nne turubai utalifunga wapi? Naye hana kosa.

Mama anayeuza chakula anasema: wakijenga, mafundi watakula kwangu. Wakimaliza, wapangaji wapya watakuja na majiko yao ya gesi na mimi nitafukuzwa kwenye kona yangu kwa kuwa naharibu sura ya jengo. Mama huyo ameona mbali kuliko wengi wetu.

Na kijana? Kijana anasema: ghorofa lije! Tutapata kibarua, tutabeba zege, mji utang'ara, tumechoka kuitwa watu wa vijijini. Nimesikia hivyo kwa masikio yangu, na mimi nilipokuwa na miaka kumi na tisa ningesema hivyo hivyo.

Hoja zote hizo ni za kweli, na ndiyo maana mabishano hayaishi. Mnagombea swali lisilo na jibu: ghorofa ni zuri au baya? Mimi nimekuja na swali jingine. Ghorofa litakapokuja, jina lako litakuwa limeandikwa wapi?

MAGOMENI KOTA

Nianze na kisa ambacho taifa zima lilikisikia. Dar es Salaam, Magomeni, palikuwa na nyumba za tangu enzi za mkoloni, mali ya halmashauri, zilizoitwa Kota. Waliokaa humo hawakuwa matajiri. Walikuwa wapangaji wa halmashauri, wengine wamerithi chumba kutoka kwa baba na babu.

Mwaka 2011 wakaambiwa: tokeni, panajengwa nyumba bora, za kisasa, mtarudi. Kaya 644 zikatoka. Nyumba zikavunjwa. Halafu? Halafu kimya. Uwanja ukabaki mtupu katikati ya jiji, na wenyewe wamesambaa Mbagala, Tandale, Gongo la Mboto, wanalipa kodi kwa wenye nyumba wengine huku wakiulizia ahadi yao.

Ilikuwa hadi mwaka 2016 ndipo Rais John Magufuli alipofika pale, akaagiza ardhi ile irudi serikalini na nyumba zijengwe kwa ajili ya wale wale waliohamishwa. Kazi akapewa Wakala wa Majengo, TBA. Yakasimama majengo matano yenye nyumba 656, kwa gharama iliyopita shilingi bilioni 50. Rais Samia Suluhu Hassan aliyazindua Machi 23, 2022. Magufuli mwenyewe alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla.

Fanyeni hesabu hapo. Kutoka 2011 hadi 2022. Mtoto aliyezaliwa mwaka ambao mama yake anafungasha vyombo, alirudi Magomeni akiwa mwanafunzi wa darasa la nne au la tano. Na wapo waliofungasha vyombo ambao hawakurudi kabisa, kwa sababu binadamu hawasubiri miaka kumi bila kufa.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana kisa hiki watu hukisimulia nusu. Anayependa ghorofa husimulia mwisho wake: mnaona, walipata! Anayelipinga husimulia katikati yake: mnaona, walitelekezwa! Mimi nataka mtazame kitu kimoja tu, nacho ni ile namba 644.

Kwa nini haikusemwa "watu kama mia sita hivi"? Kwa sababu kulikuwa na orodha. Kila kaya ilijulikana. Watu wale walishikana, wakawa na umoja wao, wakawa wanakwenda ofisi hii na ofisi ile na orodha mkononi. Viongozi wakibadilika, orodha haibadiliki. Mwaka wa tano, rais mpya alipouliza ni akina nani wanaodai, jibu lilikuwepo. Kama wangekuwa wametoka kila mtu kivyake na godoro kichwani, leo Magomeni Kota pangekuwa na ghorofa la watu wengine kabisa, na sisi tusingejua kuna waliowahi kuishi pale.

Lakini orodha nayo haikumaliza kila kitu. Walirudi na bei ikawa bado ni mvutano. Awali waliambiwa wataishi miaka mitano bila kulipa, baadaye wanunue. Mwaka 2022 bei zilipotangazwa zilipita shilingi milioni 40 hata kwa nyumba ndogo, na ingawa serikali ilisema bei ya kiwanja haimo na malipo ni ya kidogo kidogo kwa miaka mingi, wapo waliolia kuwa ni mzigo. Maana jina lao lilikuwa kwenye karatasi tangu mwanzo, lakini bei haikuwepo. Kile ambacho hakikuandikwa mwanzo ndicho kilichokuja kuwasumbua mwisho.

MCHORO NAO UNAWEZA KUKUFUNGA

Mtaniambia, basi kumbe tukionyeshwa mchoro mambo yamekwisha. Hapana, ndugu zangu. Vukeni kivuko pale pale Dar es Salaam mwende Kigamboni.

Mwaka 2008 serikali ilitangaza kuwa Kigamboni patajengwa Mji Mpya. Michoro ilikuwepo, tena ya kupendeza: majumba marefu, barabara pana, bustani. Na wakazi wakazuiwa kuendeleza maeneo yao, kwa kuwa mji mpya unakuja. Mwenye msingi akaacha msingi. Mwenye nyumba iliyofika lenta akaiacha kwenye lenta. Aliyetaka kukopa kwa kuweka nyumba rehani akaulizwa: hapo si ndipo panapovunjwa?

Miaka ikapita. Mji ule haukujengwa kama ulivyochorwa, na mpango ukapunguzwa na kupunguzwa. Waliopoteza si tu wale ambao wangebomolewa. Waliopoteza ni wote waliosubiri.

Hii inatuhusu. Tangu futi kamba ile ipite hapa, yupo mwenye nyumba aliyesema hatengenezi choo maana nyumba inavunjwa karibuni. Mpangaji wake anachuchumaa kwenye choo kinachotaka kutitia, kwa ajili ya ghorofa la maneno. Kwa hiyo pamoja na mchoro, dai tarehe. Inaanza lini, inaisha lini, na kama haikuanza siku hiyo, mtu anaruhusiwa kuendelea na maisha yake au vipi?

MAJI YA GHOROFA YA TANO

Wengine wanasema, shida ni mwanzo tu, mkishaingia ghorofani ni raha mustarehe. Waulizeni Wazanzibari.

Baada ya Mapinduzi ya 1964, Mzee Abeid Karume alitaka watu wa Ng'ambo watoke kwenye vibanda vya udongo na makuti. Wataalamu wa Ujerumani Mashariki wakaja, mitaa ikavunjwa, yakanyanyuka yale majumba marefu ya Michenzani ambayo ukiyaona kwa mbali unadhani ni mabehewa ya treni yamesimama. Nia ilikuwa njema, na wengi waliovunjiwa walipewa nyumba humo. Hilo tulisifu, si kila mahali maskini hupewa nyumba ya saruji katikati ya mji.

Lakini majumba yale yamebaki miaka mingi na mzigo wa ngazi ndefu na maji yasiyopanda. Pampu ikilala, mama anapandisha ndoo. Nani anatengeneza ngazi inayotumiwa na wote? Nani analipia taa ya korido? Nyumba ya chini ikivujiwa na choo cha juu, nani anamlipa nani? Hayo si maswali ya ujenzi. Ni maswali ya kuishi, na yanadumu kuliko rangi ya ukuta.

Musoma tunakaa kwenye rasi, ziwa limetuzunguka, na bado kuna siku bomba linakohoa upepo. Bomba linalokohoa chini litafikaje juu? Mtu akija na mchoro, mwulizeni tenki liko wapi, pampu inaendeshwa na nini, na umeme ukikatika inakuwaje.

Nchi yetu ina Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo, ya mwaka 2008. Inamruhusu mtu kuwa na hati ya nyumba yake ghorofani, na inataka wenye nyumba wawe na chombo chao cha pamoja cha kusimamia ngazi, paa na uwanja. Kwa hiyo mkiambiwa "mtauziwa", ulizeni: kwa hati gani? Risiti ya mkononi si hati.

GHOROFA KUMI ZIKIWA KUMI NA SITA

Kuna jingine ambalo kijana anayetamani kibarua cha zege lazima alijue. Ijumaa Kuu, Machi 29, 2013, jengo lililokuwa likijengwa katika mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka asubuhi. Walikufa watu 36. Wengi walikuwa vibarua na mafundi, vijana wa umri wetu waliokwenda kutafuta mkate siku ya sikukuu. Na walikuwepo watoto waliokuwa wakicheza jirani.

Ilielezwa kuwa kibali kilikuwa cha ghorofa kumi. Jengo lilikuwa limefikishwa kumi na sita. Ghorofa sita za juu hazikuwa kwenye karatasi, zilikuwa angani tu, juu ya vichwa vya watu.

Na Novemba 16, 2024, Kariakoo, jengo jingine likaanguka asubuhi ya biashara na kuua wachuuzi na wateja. Taifa likakaa siku kadhaa likisikiliza sauti chini ya kifusi.

Sisemi ghorofa huua. Linaloua ni ghorofa linaloongezwa kimya kimya, na jirani anayeona linaongezwa akanyamaza kwa kuwa si lake. Kibali cha ujenzi si siri ya familia. Kijana mwenye akili anayebeba zege hapa Iringo anapaswa kujua kibali kinasema ghorofa ngapi, na anapaswa kujua kuhesabu.

ASIYEHESABIWA

Sasa nifike kwenye kidonda chenyewe.

Iko tofauti ambayo hapa kijiweni watu wanaichanganya. Serikali ikitwaa eneo kwa ajili ya mradi, hilo ni jambo moja. Tajiri akija kununua nyumba moja moja, hilo ni jambo jingine kabisa.

Serikali ikitwaa, Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ya wakati. Kanuni za mwaka 2001 zimetaja vinavyohesabiwa: thamani ya ardhi na jengo kwa bei ya soko, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi, na faida ya biashara inayopotea. Posho ya makazi huhesabiwa kodi ya soko ya jengo kwa mwezi, mara miezi 36. Nyumba ambayo kodi yake ni shilingi 150,000 kwa mwezi, hiyo ni shilingi milioni tano na laki nne. Faida ya biashara nayo, mwezi mmoja mara 36, lakini uweze kuithibitisha kwa hesabu zako. Mwenye genge asiye na daftari atathibitisha kwa nini? Kwa kuapa?

Ipo pia sheria ya uthamini ya mwaka 2016, inayotaka fidia ilipwe ndani ya miezi sita tangu uthamini uidhinishwe. Ikichelewa, riba inaanza kuhesabiwa. Yashikeni hayo.

Lakini akija tajiri na mkoba, akakaa sebuleni na mwenye nyumba wako, wakapatana bei, hakuna posho ya usumbufu wala miezi 36. Ni kuuziana tu, kama baiskeli. Na wewe mpangaji uliyekaa miaka sita kwenye chumba cha nne kushoto, wewe ni kama panya wa nyumba ile. Nyumba ikiuzwa, panya haulizwi.

Najua ninachosema. Nilipanga mahali nikalipa kodi ya miezi sita mkupuo, kama mnavyodaiwa ninyi nyote. Mwezi wa tatu nyumba ikauzwa. Mwenye nyumba mpya akanipa wiki mbili. Yule wa zamani simu ikawa haipatikani. Kodi yangu ya miezi mitatu ilikwenda hivyo, na sikuwa na karatasi hata moja yenye jina langu, kwa sababu tulipatana kwa mdomo, kiungwana. Uungwana ule uliniweka nje na godoro.

Na msidhani ipo sheria ya kodi itakayotupokea. Sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo ni mapatano. Asiye na mkataba ana mdomo tu, na mdomo wa kabwela hausikiki mbali.

Hapa kwetu, ukipita nyumba moja ya vyumba sita, utakuta mwenye nyumba mmoja na wapangaji watano. Kwenye mabishano ya ghorofa anayesikilizwa ni yule mmoja. Watano wanabishana kijiweni kama washabiki wa mpira, wanashangilia goli kwenye mechi ambayo wao wenyewe ndio mpira.

MKUTANO WA MTAA NI WA NANI?

Wapo watakaosema: sisi wapangaji hatuna sauti kwenye mkutano wa mtaa. Uongo! Mkutano wa mtaa ni wa wakazi wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Haukuandikiwa wenye nyumba peke yao. Ukilala hapa, ukinunua dagaa hapa, ukichangia msiba hapa, wewe ni mkazi. Tatizo ni kwamba hatuendi. Mkutano ukiitwa, sisi tuko kwenye pikipiki, tuko mwaloni Mwigobero, tuko soko la Nyasho. Halafu muhtasari unaandikwa kwamba wananchi wameridhia. Wananchi gani? Waliokuwepo.

Twendeni, basi. Na tusiende kupiga kelele. Twende na maswali matano, yaandikwe kwenye muhtasari, na majibu yaandikwe.

La kwanza: mwenye mradi ni nani, na eneo linatwaliwa au linanunuliwa?

La pili: kibali kinasema ghorofa ngapi, na kinaonekana wapi?

La tatu: wanaokaa sasa, wenye nyumba na wapangaji, wanakwenda wapi wakati wa ujenzi, na kwa muda gani?

La nne: nani atarudi, kwa bei gani, na bei hiyo imeandikwa wapi kabla ya nyumba ya kwanza kuvunjwa?

La tano: maji, taka na maji machafu ya watu wote hao yanakwenda wapi? Kwa sababu ziwa liko pale chini, na sisi ndio tunaolinywa.

Mwekezaji mwenye nia njema majibu hayo anayo mkobani. Asiye nayo, basi anataka tubishane sisi kwa sisi mpaka trekta lifike.

ALIYEULIZA SWALI GUMU

Kabla sijaanza kusoma, ndugu mmoja hapa aliniambia: wewe mwandishi, kwa maswali yako utamkimbiza mtu wa fedha, aende Mwanza, na sisi tubaki na mabati yetu yenye kutu. Ni hoja nzito, sitaikwepa.

Namjibu hivi. Mimi sitaki Iringo ibaki na mabati yenye kutu. Nataka mji wenye maji ndani ya nyumba, na choo kisicho cha kugombea. Ghorofa linaweza kuleta hayo. Ardhi ya rasi haiongezeki, watu wanaongezeka. Sensa ya 2012 ilikuta manispaa hii ina watu zaidi ya 134,000, na tangu hapo tumezidi. Ipo siku lazima tujenge kwenda juu, tupende tusipende.

Lakini mtu anayekimbizwa na swali la "nani atarudi?" hakuja kutujengea sisi. Amekuja kujenga mahali tulipokaa. Hizo ni safari mbili tofauti. Na huyo akienda Mwanza, huko nako atakutana na vijana wenye swali hilo hilo, kama wenzao watakuwa wamekaa kijiweni kama hivi.

Jingine: mwenye nyumba si adui yetu. Nasikia vijana wakisema atakayeuza ni msaliti. Acheni. Mzee yule akiuza bila kujua kibali wala bei ya jirani yake, atapunjwa kama sisi, naye atakuwa mpangaji uzeeni. Orodha yetu ikiwa mkononi, mwenye nyumba naye anapata mgongo wa kuegemea. Anaweza kumwambia tajiri: mimi ninao watu, na watu wangu wana masharti.

DAFTARI HILI HAPA

Namalizia, jua linazama na mama anataka kufunga sufuria.

Nimenunua daftari dukani hapo. Ni la shule. Nimechora mistari: jina, nyumba unayokaa, unakaa tangu mwaka gani, mko wangapi chumbani, unafanya biashara gani hapa mtaani, una mkataba au huna. Halina chama wala dini. Litakaa kwa mjumbe mtakayemchagua wenyewe, na nakala moja itakwenda ofisi ya mtaa, igongwe muhuri wa kupokelewa.

Wenzetu wa Magomeni walishikilia namba yao, 644, miaka kumi, mpaka namba hiyo ikageuka kuwa funguo za milango. Sisi hatujui hata tuko wangapi. Ghorofa lije au lisije, angalau hilo tulijue wiki hii.

Jina la kwanza nimeandika la rafiki yangu mmoja anayeuza viatu vya mitumba hapo kona, aliyekubali mbele yenu. La pili aliandika mama ntilie kabla ninyi hamjafika, akaongeza na ya wanawe wanne. Mstari wa tatu uko wazi, na kalamu ni hii.